Nani anatunza picha za Goma? Kutoka kaseti ya video hadi seva zisizo na bwana mmoja

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na siku ile ile moto wake ukashuka hadi katikati ya mji wa Goma. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katika mitaa ya biashara na kuingia ziwani. Watu kwa malaki walivuka mpaka kwenda Gisenyi wakiwa na magodoro kichwani. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kwa siku kadhaa televisheni za dunia nzima zilionyesha mji ukiungua, lakini wengi wa wale ambao nyumba zao zilikuwa zikiungua hawakuziona picha hizo, na mpaka leo hawajaziona.

Sababu ni rahisi kuieleza. Kamera zilikuwa za wageni. Kaseti zilipanda ndege au picha zilirushwa kwa satelaiti, kisha zikaingia katika maktaba za mashirika makubwa ya habari huko Ulaya na Marekani, ambako picha za video huuzwa kwa sekunde. Kijana wa Goma anayetaka leo kutengeneza filamu fupi kuhusu mtaa wa wazazi wake uliozikwa na lava atalazimika kuandika barua pepe ng'ambo na kuulizwa ana dola ngapi. Kilio ni cha Goma, kaseti ni ya mwingine.

Swali la nani anashika picha halikuanza na intaneti. Katika miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, video mjini ilikuwa kitu cha kushikika mkononi: kaseti ya VHS, baadaye sidii na dividii, kwenye meza za Birere na katika kumbi ndogo za mbao zenye televisheni moja, jenereta moja na mabenchi. Filamu za kupigana za Hong Kong, za Marekani na za Nigeria zilipita hapo bila kuulizwa pasipoti. Mara nyingi zilikuja zikiwa zimewekewa sauti ya mfasiri juu yake. Kule Tanzania mtu kama Lufufu alijulikana kwa kazi hiyo kuliko waigizaji wenyewe. Uganda walikuwa na mabingwa wao, na Rwanda pia. Hakuna aliyekuwa na haki ya kisheria ya kufanya hivyo, na hilo halipaswi kufichwa. Lakini kwa habari ya namna video inavyosafiri, zilikuwa njia imara sana: nakala ilikuwa katika kila kibanda, na kibanda kimoja kikiungua filamu haikupotea.

Jambo hilo lishikwe vizuri, kwa sababu watu wa kompyuta walikuja kuligundua upya miaka mingi baadaye na kulipa majina magumu.

Kaseti ilikuwa pia ushahidi. Katika kesi ya Thomas Lubanga, mkuu wa kundi la UPC la Ituri, moja ya vielelezo vilivyozungumziwa sana mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu huko La Haye ni video ya tarehe 12 Februari 2003, inayomwonyesha akitembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara na kusema na askari wapya, baadhi yao wakiwa watoto wazi. Tarehe 14 Machi 2012 mahakama ilimkuta na hatia ya kuandikisha na kutumia watoto chini ya miaka 15. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo tangu kuundwa kwake. Video iliyopigwa mashariki mwa Kongo, ikatunzwa miaka, ikafika kwa majaji bado inaonekana. Ni kaseti ngapi nyingine za miaka ile ambazo ukungu wa kabati umezila, hakuna anayeweza kuhesabu.

Mjini Goma penyewe, kazi ya kuwapa vijana kamera zao ilifanywa kwa sehemu kubwa na Yole!Africa, kituo cha utamaduni kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo. Vijana walifundishwa kupiga picha, kuhariri, kucheza na kuimba, na kutoka humo likazaliwa tamasha la filamu lililojulikana kwanza kwa jina la Salaam Kivu. Wakaaji wa kawaida waliona filamu za watu wanaosema kama wao, katika mji ambao wageni waliupiga picha kila vita vilipoanza tu. Ila tamasha ni la siku chache. Baada ya hapo filamu inalala katika diski ya kompyuta ya mtengenezaji, na diski hiyo ina mwizi wake, ina vumbi lake, ina umeme wake wa kupanda na kushuka.

Ndiyo maana YouTube ilipofika ilipokelewa kama baraka. Video ya kwanza iliwekwa humo tarehe 23 Aprili 2005, na mwaka uliofuata Google wakainunua kampuni kwa dola bilioni 1.65. Kwa mwanamuziki wa Katindo au mwandishi wa habari wa Majengo, maana yake ilikuwa hivi: kabati lisilojaa, lisilolipiwa, linalofunguliwa na mtu yeyote aliye Brussels au Nairobi. Kabati hilo ni zuri kweli, na anayelibeza hajawahi kulipia kukodi seva. Ila ufunguo unabaki kwa mwenye nyumba.

Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza, wakatoka tarehe 1 Desemba. Tofauti na mwaka 2002, safari hii simu zenye kamera zilikuwa nyingi mjini. Lakini picha zilizokuja kujulikana zaidi duniani ni zile za filamu ya Virunga, ya Mwingereza Orlando von Einsiedel, iliyokuwa ikipigwa wakati ule kuhusu hifadhi na walinzi wake. Filamu ilitoka mwaka 2014, na Netflix wakaiweka kwenye huduma yao tarehe 7 Novemba mwaka huo. Mwaka 2015 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Netflix, hata hivyo, haikufungua huduma yake kwa nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo, hadi Januari 2016. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, basi, mtu wa Los Angeles aliweza kukaa kwenye kiti chake na kutazama kuanguka kwa Goma, huku mtu wa Goma hawezi kuipata kupitia mlango ule ule hata angekuwa na kadi ya benki. Waliotengeneza filamu hawakukusudia ubaya wowote. Mlango ndio uliojengwa hivyo.

Kisha ukaja wakati wa kufunga milango yote kwa pamoja. Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, serikali ya Kinshasa iliamuru intaneti ikatwe, na mitandao ya kijamii ikachelewa kurudi kuliko huduma nyingine. Desemba 2016, muhula wa Rais Joseph Kabila ulipofika mwisho, mitandao hiyo ikabanwa tena. Ikakatwa mwisho wa mwaka 2017 na tena Januari 2018, siku za maandamano ya Wakatoliki. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 intaneti ilizimwa kuanzia tarehe 31 na haikurudi hadi baada ya karibu siku 20. Vijana wa Lucha, harakati iliyozaliwa Goma mwaka 2012, walijifunza kupanga mambo yao wakijua kwamba siku ya maandamano simu inaweza kuwa tochi tu.

Katika orodha hiyo kuna barua moja inayostahili kusomwa polepole. Agosti 2017, mamlaka ya kusimamia posta na simu, ARPTC, iliziandikia kampuni za simu ikizitaka zipunguze kwa kiwango cha chini kabisa uwezo wa kupitisha picha kwenye mitandao ya kijamii. Maneno ya kuandikwa yaachwe yapite. Picha, hapana. Aliyeandika barua hiyo alijua vizuri ni kitu gani kinachouma.

Na wakati huo huo, kusini kidogo ya Goma, picha zilikuwa zinafanya kazi nyingine. Mwezi Septemba 2018 mahakama ya kijeshi huko Bukavu iliwahukumu kifungo cha maisha makamanda wawili wa FDLR kwa mauaji yaliyofanyika mwaka 2012 katika eneo la Kalehe. Miongoni mwa ushahidi zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness, iliyotengenezwa na shirika la wanasheria lenye makao London. Programu hiyo inaandika saa, mahali na alama ya siri ya kila picha, ili baadaye ionekane kama kuna aliyeigusa. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2017, mahakama ya La Haye ilikuwa imetoa hati ya kumkamata kamanda wa Libya, Mahmoud al-Werfalli, ikitegemea kwa sehemu kubwa video zilizowekwa Facebook.

Lakini mwaka huo huo wa 2017 ndio uliowafungua macho watunza kumbukumbu. YouTube ilianza kutumia mashine kutafuta video za vurugu na ugaidi, na mashine haikutofautisha video ya muuaji anayejisifu na video ya jirani anayelia haki. Maelfu kwa maelfu ya video za vita vya Syria zilitoweka, na watu wa Syrian Archive, waliokuwa wakizikusanya kama ushahidi, wakaanza kubishana na kampuni ili zirudishwe. Baadhi zilirudi. Nyingine zilikuwa na mwenyewe aliyekwisha kufa, na akaunti ya marehemu haijibu barua pepe.

Kwa mtu wa Kivu hadithi hiyo haihitaji kutafsiriwa. WhatsApp, ambayo ndiyo kweli inabeba video nyingi za Goma, ina udhaifu wake pia: inabana video ili iwe nyepesi na inafuta maelezo ya saa na mahali iliyopigwa. Video ikishapita vikundi vitano inabaki kilio bila anwani. Ndiyo maana picha ya ajali ya mwaka fulani huweza kurudi mwaka mwingine ikidaiwa ni ya jana, na watu wakapigana.

Hapo ndipo inaingia historia nyingine, ambayo mwanzo wake uko mbali na ziwa Kivu ingawa matunda yake yako katika karibu kila kompyuta ya mjini. Yule mwenye kibanda cha kupakia nyimbo na filamu kwenye kadi za simu, ukiangalia kioo cha kompyuta yake, utaona alama ya koni ya barabarani yenye rangi ya chungwa. Ni VLC. Wengi wanaitumia miaka yote bila kujua ilitoka wapi. Ilianzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa. Walitaka mtandao wa kasi katika mabweni yao, na kazi waliyoipatia mtandao huo ilikuwa kurusha televisheni ya satelaiti kutoka dishi moja kwenda kwenye kompyuta za wanafunzi wote, badala ya kila mmoja kununua dishi lake. Mwaka 2001 chuo kikakubali programu hiyo itolewe kuwa huria: yeyote aichukue, aisome ndani, aibadilishe, aigawe. Dishi moja, waya wa pamoja, hakuna kwenda kuomba kwa kampuni ya mbali. Mtu aliyewahi kuvuta waya wa umeme pamoja na majirani wanne wa uzio mmoja anaelewa fikra hiyo hata kama hajui kompyuta.

Mwaka huo wa 2001 Mmarekani Bram Cohen alitoa BitTorrent. Siri yake inafanana na darasa lenye kitabu kimoja. Mwalimu akiwapa wanafunzi 40 kitabu hicho wakifotokopi mmoja baada ya mwingine, watamaliza mwezi. Akikigawa sura kwa sura, kila mmoja akafotokopi sura yake kisha wakabadilishana wao kwa wao, jioni kila mtu ana kitabu kizima na mwalimu hakuchoka. Faili kubwa linakatwa vipande, na kila anayepokea kipande anakuwa pia mtoaji. Kadiri watu wanavyokuwa wengi ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi, kinyume kabisa na seva ya kawaida, ambayo wageni wakizidi inaanguka.

Kutoka katika mizizi hiyo ikaota PeerTube. Ilianza mwaka 2015 kama kazi ya pembeni ya mtaalamu mmoja Mfaransa anayejiita Chocobozzz. Mwaka 2017 chama cha Framasoft, ambacho hakitafuti faida, kikamwajiri ili aikamilishe. Mwaka 2018 walichangisha pesa kwa umma wakiomba euro 20,000, wakapata zaidi ya 50,000, na toleo la kwanza kamili likatoka Oktoba mwaka huo. PeerTube si tovuti, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Ni programu ambayo chuo, redio, parokia au chama cha vijana kinaweza kuiweka kwenye seva yake na kuwa na tovuti yake ya video, yenye jina lake na sheria zake. Kisha tovuti hizo husalimiana kupitia lugha ya pamoja iitwayo ActivityPub, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha wavuti Januari 2018. Aliye kwenye seva moja anaweza kufuata na kutolea maoni video iliyo kwenye seva nyingine. Tangu Januari 2021 inarusha pia matangazo ya moja kwa moja, kazi ambayo Owncast, programu nyingine huria iliyotoka mwaka 2020, imejikita humo peke yake.

Wataalamu huuita mfumo wa aina hii kuwa umegatuliwa. Neno hilo nchini Kongo lina ladha yake: Katiba ya mwaka 2006 iliahidi kwamba majimbo yatabaki na asilimia 40 ya mapato yanayotoka kwao, na kila mtu katika Kivu Kaskazini ana la kusema kuhusu ahadi hiyo. Kwa hiyo msomaji akisikia ugatuzi na kuinua nyusi, ana haki yake. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayengoja Kinshasa irudishe kitu. Seva inawashwa au haiwashwi.

Mfano uliowapa wengi moyo ulitokea Juni 2018, wakati YouTube ilipofunga kwa dunia nzima video za Blender, programu huria ya kutengeneza katuni, kutokana na mvutano juu ya matangazo ya biashara ambayo Blender hawakuyataka. Blender wakaweka seva yao ya PeerTube. Video za YouTube zilirudi baadaye, lakini seva hawakuizima. Upande wa pili wa sarafu ni Umoja wa Ulaya. Mwaka 2022 ulifungua kwa majaribio seva yake ya PeerTube, na mwaka 2024 ukaifunga, kwa kuwa hakukupatikana ofisi ya kuibeba kwa kudumu. Kama Brussels, penye pesa na umeme usiozimika, seva imekosa mlezi, mtu wa Goma asidanganywe kwamba jambo hili ni la programu peke yake.

Vikwazo vya Goma vinajulikana. Cha kwanza ni umeme. Mji huu umepiga hatua ambazo miji mingi ya Kongo haijapiga: kituo cha Matebe katika Rutshuru, cha mradi wa hifadhi ya Virunga, kilizinduliwa mwaka 2015 na kina uwezo wa zaidi ya megawati 13. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilifungua mtambo wa jua wa megawati 1.3 katika mtaa wa Ndosho. Lakini nyaya hupita penye vita, na seva haipendi kuzimwa ghafla.

Cha pili ni njia. Kwa miaka mingi video iliyotumwa kutoka Himbi kwenda Mabanga iliweza kusafiri hadi Ulaya na kurudi, kwa sababu kampuni za intaneti hazikuwa na mahali pa kukutana mjini. Chama cha watoa huduma za intaneti, ISPA-DRC, kimeanzisha vituo vya kubadilishana: KINIX Kinshasa, LUBIX Lubumbashi na GOMIX hapa Goma. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Seva ya video iliyofungwa karibu na kituo cha namna hiyo inaweza kuwafikia wakaaji bila kulipia kila baiti safari ya nje.

Cha tatu kinaumiza zaidi, nacho ni mega. Wazo zuri la BitTorrent, kwamba kila mtazamaji ni mtoaji pia, lilizaliwa katika nchi ambako watu hulipia intaneti kwa mwezi na hawahesabu. Hapa mtu ananunua mega za siku moja kwa simu. Akitazama video na simu yake ikawa inawagawia wengine vipande kimyakimya, analipia mara mbili: kuingiza na kutoa. Tena vifaa vinavyobadilishana vipande vinaweza kuonana anwani zao za intaneti. Kwa anayetazama mafunzo ya kupika hilo si kitu. Kwa anayetazama video ya mauaji katika mji wenye silaha, ni jambo la kufikiria mara mbili. PeerTube inaruhusu kuzima ugawaji huo, na anayeweka seva kwa ajili ya watu wa Goma angefanya vema kuuzima tangu siku ya kwanza, hata kama wapenzi wa ugatuzi huko Lyon watasikitika.

Kuna pia swali ambalo wapenzi hao hulipita mbio. Seva ya jamii inahitaji mtu wa kuamua nini kifutwe. Katika Kivu, video ya uchochezi dhidi ya kabila fulani haiishii kwenye maoni ya watu, inaweza kumaliza nyumba. YouTube hukosea kwa kufuta sana na Facebook kwa kuchelewa kufuta, lakini mwenye seva ndogo hana hata wa kumlaumu. Kongo ina Kanuni ya mambo ya dijitali tangu Machi 2023, na anayeweka video za wengine hadharani anapaswa kuisoma kabla ya kusoma maelekezo ya programu.

Kwamba watu wa ziwa hili wanaweza kulea mtandao wao wenyewe kulishaonyeshwa kisiwani Idjwi. Huko, mnamo mwaka 2016 na 2017, shirika la Ensemble pour la Différence pamoja na wabunifu wa kampuni ya Fjord walijenga na wenyeji mtandao wa Wi-Fi ulioitwa Pamoja Net, katika kisiwa ambacho kampuni za simu hazikukiona kuwa na faida. Mwami aliunga mkono, vijana wa kisiwa wakafundishwa kuutunza. Haukuwa mtandao wa video, ulikuwa mwembamba mno kwa hilo. Lakini kazi ngumu zaidi, ile ya kukubaliana nani anapanda mnara mvua ikinyesha na nani analipa betri, ni ile ile.

Mlima ulipopasuka tena, jioni ya tarehe 22 Mei 2021, kila mtu alikuwa na kamera mfukoni. Anga jekundu lilipigwa picha kutoka kila paa la mji, na siku tano baadaye, gavana wa kijeshi alipoamuru mitaa 10 ihamishwe, barabara ya Sake nzima ilikuwa video. Tofauti na kaseti za mwaka 2002, safari hii picha zilikuwa za wakaaji. Nyingi ziliishia kwenye Facebook na kwenye vikundi vya WhatsApp, na waliobadilisha simu tangu wakati ule wanajua zilikokwenda.

Januari 2025 ilikuja nzito zaidi. M23 waliingia tena tarehe 27, umeme na maji vilikatika, intaneti ikapotea siku za mapigano, uwanja wa ndege ukafungwa. Kilichopigwa picha wiki ile kimebaki kwenye simu na kadi za watu ambao baadhi wako Goma, wengine Bukavu, Kampala, Nairobi na mbali zaidi. Kazi ya kuokoa picha hizo haianzi na seva. Inaanza na faili la asili, lisilopitia WhatsApp, lililonakiliwa mahali pawili, na karatasi inayosema siku, saa na mtaa. Baada ya hapo ndipo PeerTube inakuwa na maana: inaweza kuifanya video ionekane na watu wachache tu hadi wakati ufike, seva ya mji mwingine inaweza kushika nakala ya video za seva ya kwanza, na tangu mwaka 2024 mwenye akaunti anaweza kuifunga yote, video na maelezo yake, akaihamishia seva nyingine.

Kadi ndogo ya simu iliyoachwa kwenye droo bila kuguswa haidumu milele. Baada ya miaka kadhaa, hasa penye joto, huanza kupoteza ilichoandikiwa, bila kutoa dalili yoyote kwa nje. Kadi za Januari 2025 zimeanza kuhesabu.